Dirisha la Chiriku

Tangu siku waliyomzika Chiriku, Shoto hakuwa amekaa kitako. Chai aliinywa amesimama. Chakula alikila akiizunguka meza, sahani mkononi, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kijiko. Mabomba ya nyumbani kwake yaliyokuwa yakivuja tangu enzi na enzi yalikuwa yamezibwa yote, hata yale ambayo hayakuwa yakivuja, na mke wake alikuwa amekwisha watangazia majirani kwamba yeye sasa hana mume, ana feni.

"Kaa chini, baba," alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nakaa," alijibu Shoto, akatoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Karakanani hali ilikuwa hivyohivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu kioo hakina subira na mikono isiyotulia. Asubuhi hiyo alikuwa akikata kioo cha kabati la duka la dawa. Alipima, akalaza rula, akachovya kisu kwenye mafuta ya taa, akakata. Mstari ulikwenda umenyooka, ukilia ile sauti yake ya kukwaruza ambayo huwafanya wapita njia wakunje uso na mafundi watabasamu. Akakinyanyua, akakipeleka kwenye kabati, na kabati likakikataa. Kilikuwa kifupi. Wala si kifupi cha kuzibia na gundi, maana pengo lililobaki paka angepita bila kuinamisha kichwa. Na hicho hakikuwa kioo cha kwanza kuharibika wiki ile.

Mama Vioo alikuwa mlangoni, ameona yote. Huyu ndiye mwenye karakana, mama wa makamo aliyeachiwa kazi na baba yake, na jina lake la kweli mtaa mzima ulikwisha lisahau. Alikitazama kioo, akalitazama kabati, akamtazama Shoto. Shoto akachukua ufagio akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa pamefagiwa.

Ili kosa hilo lieleweke, lazima ujue sheria ya karakana ile. Nguo ukiikata vibaya utaiunga, na ubao utapigilia kiraka, lakini kioo hakina cha kuungwa. Kwa hiyo baba yake Mama Vioo, mzee aliyekuwa mkali kuliko visu vyake, aliweka sheria kwamba kioo hakikatwi na mdomo mmoja. Mmoja anapima na kutaja kipimo kwa sauti. Wa pili anakirudia, neno kwa neno. Kisha yule asiyeshika kisu ndiye anayesema, "Kata." Asiposema, kisu hakigusi kioo hata kama mteja amesimama pale anatoka povu. Mzee alikufa, meza ikabadilishwa, blanketi la juu ya meza likachakaa likaletwa jingine, lakini sheria ilibaki.

Na kwa miaka yote ambayo Shoto alikuwa akikata, aliyekuwa akisema "Kata" ni Chiriku.

Walipewa majina yao na mtaa, na mtaa haukukosea. Shoto alikatia mkono wa kushoto, kwa hiyo mtu yeyote aliyezoea kusimama upande wa kawaida wa meza alimgonga kiwiko, isipokuwa Chiriku, aliyejua pa kusimama. Chiriku naye alikuwa na mdomo usiofungwa. Aliongea akipima, aliongea akibeba, aliongea akiwa na vijiti vya kubania kioo katikati ya meno. Wakibeba kioo kikubwa barabarani, yeye mbele na Shoto nyuma, watu walisikia mazungumzo kabla hawajaona kioo, na walipisha. Alikuwa na hadithi ya mbuzi aliyepanda basi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mpaka mwisho, kwa sababu kila mara walifika walikokuwa wakienda kabla mbuzi hajafika alikokuwa akienda.

Kwenye kipimo tu ndipo alipokuwa hana mchezo.

"Tisini na mbili kwa hamsini na moja."

Shoto akijibu kwa kunong'ona, au akikosea tarakimu moja, Chiriku aliweka mikono nyuma. "Rudia."

"Tisini na mbili kwa hamsini na moja!"

"Ehee. Sasa nimesikia mtu. Kata."

Alikufa Jumapili mchana. Alisema amechoka kidogo, akajilaza sebuleni wakati mke wake anapika. Chakula kilipoiva akaitwa. Hakuitika, na mtu yule maisha yake yote hakuwahi kuitwa asiitike, ndiyo maana mke wake alijua kabla hajamgusa.

Msibani Shoto alifanya kazi ya watu kumi. Alibeba viti, akafunga turubai, akafungua turubai, akalifunga tena kwa sababu kamba moja haikumridhisha. Alichota maji. Alielekeza magari yaegeshwe wapi, na kulikuwa na magari mawili. Watu walimsifu, wakasema huyo ndiye rafiki wa kweli, na wao hawakuona kwamba kila mara mjane alipotokea upande huu wa ua, Shoto alikumbuka jambo la haraka upande ule. Mpaka wanakunja turubai la mwisho, alikuwa amempa pole kila mtu, shangazi, wajomba, majirani, hata dereva wa gari la kukodi. Mke wa Chiriku hakuwa amempa.

"Umeongea na shemeji yako?" mke wake alimuuliza walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani hiyo isiyomalizika?"

Shoto aliongeza mwendo, na mama wa watu ikabidi akimbie kwenye barabara ya vumbi na viatu vyake vizuri.

Basi siku ile ya kabati Mama Vioo alivuka uchochoro akaenda kwa fundi aluminiamu. Fundi huyo alikuwa jirani yao, mtu mchangamfu, mwenye shati lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka. Alikuja amefurahi. Alisimama kando ya meza, upande ule ule ambao kiwiko cha Shoto kingemkuta, akapiga makofi.

"Haya bosi, nielekeze. Nafanya nini?"

"Nataja, unarudia," alisema Shoto bila kumtazama. "Kisha unasema kata."

"Basi? Hiyo hata mtoto anaweza."

Shoto akapima. "Sabini na nne kwa thelathini na nane."

"Sabini na ngapi sijui kwa thelathini na nane," alisema fundi aluminiamu, akacheka. "Kata bwana, mimi nakuamini!"

Kisu kilikuwa tayari kimegusa kioo. Shoto alikiinua. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alitaka kumpiga mtu, tena mtu ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuwa hai na kusimama pale. Aliweka kisu mezani taratibu.

"Usiniamini," alisema. "Nani amekwambia uniamini?"

"Loo! Nimekosa nini sasa?"

Lakini Shoto alikuwa amekwisha vaa shati lake la kutokea, akaishika njia.

Alitembea. Alipita mtaa wa maduka, akapita shule, akapita zahanati, na kila alipogeuza macho alikutana na kazi yao. Dirisha la ofisi ya posta ni lao. Mlango wa duka la viatu ni wao, ule waliokwama nao ngazini Chiriku akaanza kuimba. Kioo cha juu pale zahanati kilikuwa na kona moja iliyokatwa kidogo, na wao wawili tu ndio waliojua kwa nini. Mji mzima ulikuwa unamrudishia sura yake, akiwa peke yake. Aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake, na hivyo ndivyo alivyojikuta mlangoni kwa kinyozi bila kukusudia.

"Shoto!" kinyozi aliita, mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. "Pita ndani! Kile kioo changu kimelegea huku chini. Na mwenzako yuko wapi leo? Yule mpiga domo?"

Kinyozi alikuwa amesafiri, ndipo Shoto akakumbuka. Alikuwa kwao, kwa mama yake mgonjwa. Hakuna aliyemwambia.

Palikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nayo ilikuwa fupi. Shoto alifungua mdomo ili aiseme.

"Hayupo leo," alisema.

"Mwambie aje amalizie hadithi yake. Yule mbuzi nilimwacha anagombana na kondakta."

"Nitamwambia."

Akapiga magoti akakaza kile kioo, akaaga, akatoka. Barabarani aibu ilimshika. Kumkwepa mjane ni jambo moja, unaweza kusema ulikuwa na shughuli. Lakini kumchukulia mtu salamu za kumpelekea marehemu, na kuahidi utazifikisha, huo ni wazimu, na Shoto alijua ni wazimu, na bado alijisikia nafuu kwamba kulikuwa na chumba kimoja mjini ambamo Chiriku alikuwa hajafa.

Aliporudi karakanani alimkuta Mama Vioo amekalia kreti, anamsubiri.

"Mara hii umezunguka mpaka wapi, kiguu na njia?"

"Nilikwenda kwa kinyozi. Kioo kimelegea."

"Kaa."

"Niko sawa hivi."

"Sikukuuliza kama uko sawa." Alimtazama, kisha akaachana na habari ya kukaa. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka nyuma, kwenye rafu ya mbao ambako vioo vikubwa husimamishwa wima, karatasi katikati. Mwisho kabisa, nyuma ya vingine vyote, kilikuwapo kioo kimoja kinene cha zamani, safi, cha aina ambayo hailetwi tena. Juu yake mtu alikuwa amechora kwa kipande cha sabuni mdomo mkubwa ulio wazi. Hapakuhitajika jina.

"Aliniomba tangu mwaka jana," alisema Mama Vioo. "Cha dirisha lake la sebuleni. Kila siku nasema chukua, kila siku anasema kesho, kwanza tumalizie cha mteja. Amewawekea watu wote vioo, na mke wake amekaa na nailoni dirishani. Mvua zimeanza, Shoto. Zinamnyeshea yule mama ndani."

"Mtume fundi aluminiamu."

"Hapana."

"Mama, mkono wangu umeharibika. Umeona mwenyewe. Nikikikata vibaya hakuna kingine."

"Najua hakuna kingine." Sauti yake ilipungua ukali. "Nisikilize, mwanangu. Sina mkataji kama wewe na sitampata. Lakini siwezi kukuweka hapa uwe unanivunjia vioo na kunifagilia sakafu mpaka iishe. Kesho asubuhi utakipeleka hiki nyumbani kwake. Dirisha lenyewe limepinda, alilijenga kwa haraka yake ile unayoijua, kwa hiyo utakatia hukohuko. Ukilimaliza, rudi tuendelee. Ukishindwa, kaa nyumbani mpaka utulie, hata iwe miezi."

Kaa nyumbani. Shoto alitazama mikono yake. Mabomba yote yalikwisha zibwa. Geti lilikuwa limefungwa. Akikaa nyumbani miezi, pasipo meza na pasipo kisu, hakujua ni kitu gani kingembakiza mtu mwenye akili zake.

Asubuhi alipiga moyo konde, akakodi mkokoteni, wakakilaza kioo juu ya magodoro mawili mabovu, yeye na msukuma mkokoteni wakaenda nacho polepole, Shoto akiwa ameshika ukingo njia nzima. Msukuma mkokoteni alikuwa mtu asiyependa maneno. Kila penye shimo Shoto alisubiri sauti ya Chiriku imwambie "shimo", na kila mara shimo lilikuja kimya.

Mke wa Chiriku alikuwa uani anaanua nguo, maana wingu lilikuwa linajikusanya. Alikuwa amekonda. Amevaa koti la kazi la mume wake, lile la bluu lenye kiraka kiwikoni, mikono ameikunja mara mbili.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Ahsante, shemeji. Nimeleta kioo. Sichukui muda, nina haraka."

"Naona."

Walikishusha, wakakilaza kwenye meza ya kulia chakula ambayo shemeji aliitandikia blanketi bila kuambiwa. Msukuma mkokoteni akaenda zake. Shemeji akavuta kigoda akakiweka karibu na meza.

"Kaa kwanza, upumzike."

"Nikikaa mvua itanikuta."

Akaanza kazi kwa vishindo, kama mtu anayetaka asisemeshwe. Alibandua nailoni. Alichomoa misumari, akasafisha fremu. Dirisha lilikuwa limepinda kweli. Fundi aliyewapimia watu mji mzima alikuwa amejijengea dirisha ambalo upande wa juu haukulingana na wa chini, na Shoto, akilipima, karibu acheke. Kisha alikumbuka kwamba hakuna wa kumcheka, na kicheko kikageuka kitu kingine njiani.

Kimo cha kioo kililingana na cha fremu, ulibaki upana tu. Alipima upande wa juu. Akapima wa chini. Akaenda mezani, akalaza rula, akachovya kisu. Akakiacha kisu, akarudi dirishani akapima tena. Kipimo kilikuwa kilekile. Akaenda mezani, akarudi. Jasho lilimtoka, hali upepo wa mvua ulikuwa unaingia wazi sebuleni na kupeperusha kalenda ukutani. Shemeji alikuwa ameingia jikoni, vyombo vinasikika. Shoto alienda dirishani mara nyingine, akavuta tepu, akasoma, na mdomo wake ukafanya kazi yake uliyoizoea bila kumuuliza mwenyewe.

"Mia moja na nne juu. Mia moja na sita chini."

Vyombo vikanyamaza jikoni.

"Mia moja na nne juu," sauti ya shemeji ilisema. "Mia moja na sita chini."

Shoto alisimama palepale, tepu imenyooshwa mikononi. Hakugeuka. Alisikia kandambili zikija mpaka mlangoni mwa sebule.

"Unashangaa nini?" shemeji aliuliza. "Unafikiri hiyo sheria aliiacha kazini? Ndani ya nyumba hii hata chumvi ilikuwa inarudiwa. Namtuma dukani: lete sabuni na kiberiti. Anasimama hapo. Rudia, mke wangu. Nilikuwa natamani kumtupia kiberiti chenyewe." Alifuta mikono kwenye lile koti. "Siku aliyoniposa nikamkubalia, nimejikaza na aibu zangu zote, unajua alisema nini?"

"Alisema rudia," alisema Shoto.

"Alisema rudia! Mbele ya dada yangu!"

Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. Shoto alianza kukunja tepu. Macho yake yalikuwa yakitafuta mlango, naye shemeji akaona yanakokwenda.

"Usitoke," alisema.

"Nafuata mafuta ya taa."

"Mafuta yapo hapo mezani. Shemeji, nitazame." Alisubiri mpaka alipotazamwa. "Watu wote wamenipa pole. Wengine hata siwajui. Dereva wa gari alinipa pole. Nilikuwa nakuangalia unavyobeba viti, nikasema akimaliza kile atakuja. Akimaliza kile atakuja. Ulikaa naye mchana kutwa miaka yote hii, zaidi hata yangu mimi, na wewe peke yako ndiye hukuja. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Alikukosea yeye?"

"Hapana!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Alijaribu kusogea, akakuta meza upande mmoja na dirisha upande wa pili, na mahali pengine pa kwenda hapakuwa. "Shemeji, jana kinyozi ameniuliza yuko wapi. Nimemwambia hayupo leo. Leo! Kama mtu mwenye mafua. Nimempokelea na salamu. Watu wengine wakikupa pole, ni maneno tu ya watu. Mimi nikikupa, itakuwa imekwisha kweli. Ndiyo maana sikuja. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Matone ya kwanza yalianza kupiga ukingo wa dirisha tupu. Shemeji hakusogea kwenda kuyafuta.

"Mimi nilimwita akale asiitike," alisema taratibu. "Kwangu ilikwisha kuwa kweli palepale. Nimekaa nayo peke yangu."

Shoto hakuwa amelifikiria hilo. Siku zote hizo alikuwa ameshughulika na jinsi ya kuikimbia sentensi moja, na hakuwahi kujiuliza nani ameachwa nayo. Aliweka tepu chini. Mikono ilikuwa haina cha kushika, akaiacha ining'inie.

"Pole, shemeji," alisema. Ilitoka kama mnong'ono wa mtu mwenye makohozi.

Shemeji akaweka mikono nyuma, ndani ya mikono mirefu ya koti la mume wake.

"Rudia."

Kilio kilimtoka Shoto kabla ya neno. Kilimtoka kikubwa, cha mtu mzima, cha kuaibisha, na hakukizuia. Alilia amesimama katikati ya sebule ya Chiriku mpaka jirani mmoja akachungulia uani na kuondoka kimyakimya. Alipopata pumzi alijifuta uso na kiganja cha kushoto, akasimama sawasawa.

"Pole, shemeji. Pole sana. Chiriku amekufa."

"Ahsante," alisema mke wa Chiriku. "Nimesikia."

Akaja mezani. Hakusimama upande wa kawaida. Alisimama upande ule mwingine, ambako kiwiko cha mtu wa shoto hakifiki, na Shoto hakumuuliza nani aliyemfundisha. Alilaza rula. Alichovya kisu. Kwenye kioo mdomo ule wa sabuni ulikuwa bado umefunguka, nusu yake ndani ya kipimo, nusu nje. Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia mpaka ukatulia.

"Mia moja na nne juu," alisema. "Mia moja na sita chini."

"Mia moja na nne juu. Mia moja na sita chini." Shemeji alivuta pumzi. "Kata."

Akakata.

Kioo kiliachana kwa mlio mmoja mfupi. Walikibeba pamoja mpaka dirishani, shemeji mbele, akiita "kiti" palipokuwa na kiti na "zulia" palipokuwa na zulia, kwa sauti ya juu isiyo na lazima, na Shoto nyuma akimfuata. Kiliingia kwenye lile dirisha lililopinda bila kusukumwa. Alikibana kwa vijiti vyake, akapigilia misumari midogo, na mvua, iliyokuwa imepania kuingia, ikaanza kuteremka upande wa nje.

Ndipo Shoto akavuta kigoda akakaa. Magoti yalimuuma kwa kukunjwa. Shemeji aliweka kikombe cha chai mbele yake na kingine mbele ya kigoda cha pili, akaketi.

"Kesho napita kwa kinyozi," alisema Shoto. "Nikamwambie."

"Mwambie."

"Ataniuliza habari za yule mbuzi. Aliishia wapi, shemeji? Wewe lazima uliisikia mpaka mwisho."

Mke wa Chiriku alipuliza chai yake huku akiangalia mvua kupitia kioo.

"Hakushuka," alisema. "Nilimuuliza kila siku, na kila siku aliongeza kituo kimoja."

Shoto akanywa chai yake yote, amekaa.